Gitaa Lililojua Kunyamaza

Wapiga gitaa wengi wa roki wana tabia ya yule mgeni ambaye mkikaa naye sebuleni, kimya kikizidi sekunde tano anaanza kukohoa kohoa. Hawezi kuvumilia. Lazima ajaze. Mwimbaji akivuta pumzi tu, yeye huyo, keshamwaga nota ishirini. Ikifika katikati ya wimbo ndiyo usiseme: wenzake wanarudi nyuma, taa zinamfuata, macho kafumba, na solo inakwenda mpaka wewe na mwenzako mnaanza kuulizana bili inakuja saa ngapi.

Mwezi huu nakuletea mtu wa kinyume chake. Anaitwa Andy Gill, Mwingereza, aliyezaliwa Manchester Januari 1, 1956 na kufariki London Februari 1, 2020, akiwa na miaka 64. Bendi yake ilikuwa Gang of Four, ya mji wa Leeds. Kwa wengi wenu jina hilo ni geni, na wala si ajabu, maana hawakuwahi kuwa na ule wimbo wa kupigwa kila redio kila saa. Lakini kama umewahi kusikiliza Red Hot Chili Peppers, R.E.M., Nirvana au Franz Ferdinand, basi umeshamsikia, ila tu hamkutambulishwa. Kurt Cobain aliiweka albamu yao ya kwanza kwenye orodha ya albamu 50 alizozipenda kuliko zote, orodha aliyoiandika kwa mkono wake daftarini.

Na kabla hujauliza gitaa la Leeds linahusu nini kwenye ukurasa wa wapendanao, nivumilie kidogo. Tutafika.

Hapa kwetu neno panki tulilijua kwanza kwa kinyozi. Uingereza ya mwaka 1976 lilikuwa zaidi ya nywele: vijana waliochoka, ajira hakuna, wanashika magitaa wasiyoyajua vizuri na kupiga nyimbo fupi, za haraka, zenye hasira. Moto huo ulidumu muda mfupi tu. Waliokuja mara baada yake ndio wanaoitwa wa baada ya panki, na hao ndio walionivutia mimi. Walibaki na ile jeuri lakini wakajiuliza: sasa tumeshavunja, tujenge nini? Wengine wakaingiza regge na dabu, wengine fanki, wengine disko. Gang of Four waliingiza vyote hivyo, halafu wakatoa karibu kila kitu kilichokuwa cha mapambo.

Gill na mwimbaji wao, Jon King, walikuwa marafiki tangu shule huko Kent, wakaenda wote Chuo Kikuu cha Leeds kusomea sanaa. Hugo Burnham alikaa kwenye dramu, Dave Allen akaja baadaye kidogo na kushika besi. Jina la bendi walilichukua kwa wale wanasiasa wanne wa China waliokamatwa Oktoba 1976. Leeds ya miaka hiyo haikuwa mji wa raha. Vyama vya kibaguzi vilikuwa vikiandamana mitaani, na kulikuwa na muuaji, Peter Sutcliffe, ambaye kati ya 1975 na 1980 aliua wanawake 13 kaskazini mwa Uingereza kabla ya kukamatwa Januari 1981. Wasichana waliogopa kutembea usiku. Nalitaja hili kwa sababu ukisikiliza muziki wao bila kujua hilo, unaweza kudhani ubaridi wake ni mapozi ya wanachuo. Ule ulikuwa ubaridi wa mji wenyewe.

Sasa tuje kwenye gitaa.

Shujaa wake mkubwa Gill alikuwa Wilko Johnson wa bendi ya Dr. Feelgood, mtu aliyekuwa anapiga rithim na solo kwa wakati mmoja, mkono wa kulia ukienda kama anakatakata mboga, huku akiteleza jukwaani na macho kayatoa. Kwa Johnson, Gill alijifunza kwamba gitaa linaweza kuwa ngoma. Wale mnaopenda muziki wa dansi mnajua mgawanyo wa kazi: kuna mpiga solo, kuna mpiga rithim, kuna mpiga besi, na kila mtu na heshima yake. Gill alikuwa peke yake pale, gitaa moja tu. Angetegemewa afanye kazi ya watu wawili ili kujaza nafasi. Yeye akafanya nusu ya kazi ya mtu mmoja, na nusu hiyo ikatosha.

Alikuwa anapiga hivi. Anashambulia nyuzi kwa mkono wa kulia kwa nguvu, kisha papo hapo mkono wa kushoto unazibana zisiendelee kulia. Unachosikia ni mkato: cha! cha-cha! Halafu hakuna. Besi ya Allen inaendelea kutembea chini, tena ndiyo inayobeba utamu wa wimbo, dramu ya Burnham inapiga kama mashine ya kiwandani, na gitaa limenyamaza kabisa. Unasubiri. Unasema labda sasa. Bado. Halafu linarudi mahali ambapo hukulitegemea, nje kidogo ya mapigo, kama mtu anayegonga mlango wa jirani badala ya wa kwako.

Kwenye nyimbo zao nyingi, pale ambapo bendi nyingine ingeweka solo, wao waliweka shimo. Vyombo vinatolewa kimoja kimoja, unabaki na dramu tu, au besi tu, kama watu wa dabu wa Jamaika wanavyofanya kwenye mashine ya kuchanganyia sauti. Tofauti ni kwamba hawa walifanya kwa mikono yao, moja kwa moja, wakiwa wanapiga.

Halafu kuna suala la mlio wenyewe. Wapiga gitaa ni watu wa kuabudu amplifaya za valvu, zile taa ndogo za kioo zilizokuwa ndani ya redio za wazee wetu, zinazopata moto na kuifanya sauti iwe nene na laini, kama imepakwa siagi. Gill hakutaka siagi. Alipiga kwenye amplifaya za transista, ambazo wenzake walizidharau kwa sababu sauti yake ni kavu, nyembamba na ina makali. Na kwenye albamu ya kwanza karibu hakuna mwangwi wala manukato ya studio. Gitaa linatoka kwenye spika likiwa tupu, kama balbu isiyo na kivuli inayoning'inia katikati ya chumba. Ukilisikiliza kwa sauti ya juu asubuhi kabla ya chai, utakasirika. Mimi nalipenda hivyo hivyo.

Albamu yenyewe inaitwa Entertainment!, na ilitoka Septemba 1979 chini ya EMI. Usikose wimbo Natural's Not in It. Gitaa moja, mchoro mmoja wenye kona kali, unarudiwa karibu wimbo mzima bila kuchoka. Ukiona kama umewahi kuusikia, huenda ni kwenye sinema ya Sofia Coppola, Marie Antoinette ya mwaka 2006, maana ndio unaofungua filamu ile: malkia kajilaza, keki kila upande, na gitaa la Gill linakwaruza juu ya anasa zote zile. Kwenye At Home He's a Tourist, dramu na besi zinacheza disko la kuchezeka kabisa, lakini gitaa linapita juu yake kama mtu anayekwangua sufuria iliyoungua. Sijui wimbo mwingine unaokualika kucheza na kukufukuza kwa wakati mmoja namna ile.

Haya, mapenzi. Nilisema tutafika.

Asilimia kubwa ya muziki duniani ni wa mapenzi, na asilimia kubwa ya huo inasema jambo moja: nimekupata, nina raha, umeniacha, nakufa. Gang of Four waliuliza swali ambalo sisi tunaohariri magazeti kama hili tunalikwepa kidogo: hayo maneno ya mapenzi tunayoyatumia, tumeyatoa wapi? Damaged Goods, wimbo uliobeba jina la rekodi yao ya kwanza iliyotoka 1978 kwa lebo ndogo ya Edinburgh iitwayo Fast Product, unahusu watu wawili wanaoachana, lakini lugha yake yote ni ya dukani. Bidhaa, bei, kurudisha mzigo ulioharibika. Contract unaingia chumbani kwa wanandoa ambao tendo lenyewe limekuwa kama kipengele cha mkataba: kila mmoja anatimiza wajibu, na kila mmoja anajiuliza mbona si kama alivyoona kwenye picha.

Sasa niambie kweli. Ni wangapi kati yetu tumewahi kusema “nimewekeza sana kwenye huu uhusiano”? Au “huyu hana faida kwangu”? Au kwenye kitchen party kusikia bibi harusi anaelezwa kama gari lililotunzwa vizuri na mmiliki wa kwanza? Wale vijana wanne walilisikia hilo wakiwa na miaka ishirini na kitu, na gitaa la Gill lilikuwa namna yao ya kukataa kulifunika kwa violini. Huwezi kuimba kwamba mapenzi yamegeuka biashara huku gitaa nyuma linabembeleza. Lazima nalo likatae kubembeleza.

Wimbo wa mwisho wa albamu ndio mkali kuliko wote. Unaitwa Anthrax, yaani kimeta, ule ugonjwa wa mifugo. Mwimbaji anayafananisha mapenzi na kimeta. Unaanza na gitaa peke yake kwa zaidi ya dakika nzima, na huko si kupiga kwa maana ya kawaida. Gill analisogeza gitaa karibu na spika mpaka sauti inajizungusha na kujila yenyewe, ule mlio ambao mshereheshaji akiuleta ukumbini wote mnaziba masikio. Yeye anauchunga kama mtu anayechunga mnyama mkali kwa kamba: anauacha ulie, anauvuta, anauzima, anauacha tena. Kisha besi na dramu zinaingia, nzito, na King anaanza kulia na mapenzi yake.

Lakini subiri. Wakati King anaimba, Gill naye anaongea. Si kuimba, anaongea, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Anaeleza kwa nini bendi zinaimba mapenzi muda wote, na kwamba wao hawaoni kama jambo hilo ni la ajabu kiasi cha kufunikwa na siri namna ile. Mmoja anatoka zaidi upande mmoja wa spika, mwingine upande wa pili. Kwenye toleo la mwanzo la 1978, Gill alikuwa hata hazungumzii mapenzi, alikuwa anaeleza jinsi rekodi yenyewe ilivyofanyika!

Kama una mwenzi na mna zile spika za masikioni za waya, gawaneni. Mmoja achukue la kulia, mwingine la kushoto. Mtakuwa mmekaa bega kwa bega, wimbo ule ule, dakika zile zile, na mmoja wenu atamsikia zaidi mwanamume anayeteseka na mwingine zaidi mwanamume anayeeleza. Msipeane majibu mpaka uishe. Mimi na wa kwangu tulibishana hadi saa sita usiku kuhusu nani kati ya wale wawili alikuwa mkweli, na mpaka leo hatujakubaliana. Yeye anasema aliyeteseka. Mimi simwamini mtu anayeteseka kwa mpangilio mzuri namna ile.

Nina lalamiko moja lakini. Ni wanaume wanne wanaozungumzia mapenzi, na mwanamke wa kwenye Damaged Goods hajibu. Anaachwa, anarudishwa dukani, basi. Kwa bahati nzuri jibu lilitoka mji ule ule, mwaka ule ule wa 1979: bendi ya Delta 5, wanawake watatu na wanaume wawili, magitaa ya besi mawili kwa mpigo, na singo yao Mind Your Own Business. Ukizisikiliza Entertainment! na hiyo kwa pamoja, unapata mazungumzo kamili.

Msimamo uliwagharimu. Mwaka 1979 At Home He's a Tourist ilianza kupanda chati, wakaitwa Top of the Pops, kipindi cha BBC ambacho bendi ingeuza hata nguo za ndani ili kuingia. Kulikuwa na neno moja ndani ya wimbo linalomaanisha kondomu. Wakaambiwa walibadilishe. Wakakusanya vyombo vyao wakaondoka. Neno lenyewe, kwa sikio la leo, lisingemshtua hata mwanafunzi wa sekondari. Mwaka 1982 wakapata nafasi nyingine na I Love a Man in a Uniform, wimbo wa kuwakejeli wanaume wanaotafuta uanaume kwenye magwanda, na Uingereza ikaingia vitani na Argentina kugombea visiwa vya Falkland. BBC ikauweka kando.

Gill alikuwa pia prodyuza. Ndiye aliyerekodi albamu ya kwanza ya Red Hot Chili Peppers, 1984, na hawakuelewana hata kidogo: wao walitaka fujo waliyokuwa nayo jukwaani, yeye alitaka sauti safi iliyokatwa vizuri. Kuna kisa kimoja cha studio hiyo, kinahusu boksi la piza, ambacho sikiandiki hapa kwa sababu wengine mnasoma huku mnakula.

Bendi ilivunjika, ikarudi, ikavunjika tena. Wale wanne wa mwanzo walirudiana 2004, na kwenye ziara ya 2005 King alikuwa anaponda oveni ya maikrowevu kwa rungu jukwaani, kwa mapigo ya dramu, katika wimbo He'd Send in the Army. Gill pembeni kasimama wima, uso haucheki, anaangalia watu kama mkaguzi wa hesabu, anasubiri zamu yake, anakata, anasubiri tena. Baada ya 2012 alibaki yeye peke yake kati ya waanzilishi, akaendelea na vijana.

Novemba 2019 walitoka kwenye ziara iliyofika mpaka China. Januari akawa hospitali ya St Thomas', London, mapafu yamejaa. Wenzake wa bendi walisema kwamba hata kitandani pale alikuwa anasikiliza nyimbo mpya zilizokuwa zinachanganywa na kupanga ziara inayofuata. Alifariki Februari 1. Mkewe, Catherine Mayer, ni mwandishi wa habari, na mwaka 2015 alishiriki kuanzisha chama cha siasa cha kupigania usawa wa wanawake Uingereza. Baadaye mwaka ule wa 2020, dunia ilipokuwa imejifungia, alijiuliza hadharani kama ugonjwa uliomchukua mumewe haukuwa ule ule tulioujua sote baadaye kwa jina la Covid.

Mama yake Mayer naye alikuwa amefiwa na mume wiki chache tu kabla. Mama na binti, wajane wawili kwa mpigo, kisha karantini ikafunga milango. Waliandika kitabu pamoja, Good Grief, kilichotoka 2020. Kama kuna mtu kwenye maisha yako aliyefiwa na mwenzi na hujui umwambie nini, kitabu hicho kitakusaidia kuliko ujumbe wa “pole sana, Mungu ana makusudi yake”.

Kulikuwa na kazi nyingine imebaki nusu. Gill alikuwa ameanza kukusanya wanamuziki waimbe upya nyimbo za Gang of Four. Mayer, ambaye si mwanamuziki, akaibeba mpaka mwisho: barua pepe, simu, mikataba, mafaili ya sauti kutoka kila kona. Ilitoka 2021, ikaitwa The Problem of Leisure. Yumo Tom Morello, yumo Serj Tankian, yumo Gary Numan, yumo La Roux. Na kwenye Not Great Men wapo John Frusciante na Flea. Ndiyo, Flea yule yule wa boksi la piza, miaka 37 baadaye.

Nimeisikiliza mara nyingi, na naona ugumu mmoja unajirudia. Karibu wote wanaweza kupiga nota zake. Tatizo ni zile nafasi. Wengi wanaziogopa, wanaweka kitu kidogo pale, kinanda, mwangwi, sauti ya nyuma. King na Burnham waliporudi jukwaani 2022, David Pajo ndiye aliyepewa gitaa. Kwenye ziara yao ya kuaga ya 2025 alikuwa Ted Leo, na Aprili mwaka huo huo Dave Allen naye akafariki.

Ukitaka kuanza, anza na Entertainment!, inakwisha kwa dakika kama 40. Kisha singo ya To Hell with Poverty! ya 1981, ambayo ndiyo ya kuweka wageni wakija. Solid Gold ya mwaka huo huo ni nzito zaidi, iache mpaka masikio yazoee. Na Hard ya 1983 pita nayo mbali: waliweka waitikiaji watamu, wakapulizia manukato, na gitaa la Gill utalitafuta kwa tochi.